Bi Wembe na Slaidi ya Mdogo Wake

Watu wakisikia kwamba fulani anafanya kazi hospitali, huuliza kama ni daktari au nesi, na akijibu kwamba si huyu wala yule, hamu ya kuuliza zaidi huwaishia papo hapo. Bi Wembe amezoea. Kwa miaka thelathini na moja amekalia stuli moja katika chumba cha mwisho cha maabara, na kazi yake ni kukata. Hakati watu. Anakata vipande vilivyotolewa kwa watu na kugandishwa ndani ya nta, na anavikata vyembamba mno, ukikohoa karibu navyo umevipoteza. Daktari wa upasuaji hupewa sifa, daktari wa hadubini hupewa heshima, na wote wawili hawaoni kitu kama huyu mama hakukaa vizuri kwenye stuli yake asubuhi hiyo. Mimi hilo huniudhi kuliko linavyomuudhi yeye.

Chumba chenyewe hakina cha kujivunia. Kina dirisha moja linalotazama ukuta, beseni la maji ya uvuguvugu, bamba la baridi la kupozea nta, na mashine yenye gurudumu pembeni kama la cherehani. Anazungusha gurudumu kwa mkono wa kulia, nta inatoka kwenye makali ya wembe ikiwa utepe mrefu, naye anaudaka kwa brashi ndogo na kuulaza juu ya maji ujinyooshe. Kisha anaupandisha kwenye kioo kidogo, hiyo slaidi. Wanaojifunza hubana pumzi wakikata. Yeye hukata huku anawasema watu, tena kwa majina, na utepe hautetemeki. Ndiyo maana hilo jina la Wembe wengine husema lilitokana na ulimi, si mashine.

Ulimi huo huwa hauna mchezo unapofika kwenye kufundisha. Wanafunzi wanaopita hapo huwaeleza kwamba ndani ya kila seli kuna jeni, yaani maelekezo ya kazi, kwa maelfu. Baadhi huihimiza seli ikue na kugawanyika. Nyingine kazi yake ni kusema basi, inatosha. Huwaambia wazifikirie hizo za pili kama refa. Refa hafungi bao, hapigi pasi, na hakuna aliyewahi kwenda uwanjani kumtazama yeye. Lakini mwondoe, halafu tuone kama mechi itaisha. Kila seli ina nakala mbili za jeni ya namna hiyo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, na ikiharibika moja, ile iliyobaki mara nyingi huweza kushika zamu. Zikipotea zote mbili, seli hugawanyika bila wa kuizuia, na watoto wake hawana refa, na wajukuu wake vilevile. Kwingine mwilini uvimbe unaweza kupata pa kujinyoosha kidogo. Ubongo umo ndani ya fuvu, na fuvu halitanuki.

Mfano huo hakwenda kuutafuta mbali. Mdogo wake wa pekee, baba mmoja mama mmoja, ni mwalimu wa hesabu, na kila Jumamosi huchezesha mechi za shule. Mtaa mzima humwita Refa, hata mkewe.

Sasa, jeni inayosema basi hufanya kazi yake kwa kutengeneza protini, na protini hiyo inaweza kutafutwa. Fundi anadondosha dawa juu ya slaidi. Dawa ikiikuta protini, seli hugeuka kahawia. Isipoikuta, seli hubaki samawati, rangi inayotiwa mwishoni ili kila kitu kionekane. Katika uvimbe wa ubongo, samawati tupu ni habari mbaya. Inamaanisha jeni imepotea, na uvimbe wa namna hiyo hukua haraka, hurudi upesi, na hutibiwa kwa nguvu zote. Lakini hapo pana mtego. Slaidi hubaki samawati pia kama fundi amesahau kudondosha dawa. Kwa mtazamaji wa haraka, slaidi hizo mbili hazina tofauti.

Bi Wembe aliuingia mtego huo akiwa na miaka mitatu tu kazini. Alikuwa amepanga slaidi kumi na mbili, anadondosha moja baada ya nyingine, mtu akamwita mlangoni. Aliporudi akairuka ya saba. Ikatoka samawati tupu, daktari wa wakati huo mwenye haraka zake akaandika kwamba jeni imepotea, na barua ikapelekwa kwa karani. Fundi mkuu, mzee aliyemfundisha kazi, ndiye aliyeichukua slaidi ile, akaitazama kwa hadubini, kisha akamsogezea kiti na kumuuliza swali moja tu.

"Na mishipa yake ya damu nayo ina saratani?"

Alitazama, akaona aibu mpaka masikio yakawaka. Kuta za mishipa ya damu ndani ya uvimbe si seli za uvimbe. Zina jeni zao kamili, kwa hiyo lazima zitoke kahawia hata kama kila kitu kingine ni samawati. Katika slaidi ile mishipa nayo ilikuwa samawati. Dawa haikuwa imegusa kitu. Mzee alikimbia mwenyewe kwa karani kuizuia barua, na mgonjwa yule hakuwahi kujua ni kitu gani kilimkosakosa.

Tangu siku hiyo Bi Wembe ana mambo mawili ambayo maabara nzima humtania nayo. La kwanza, akidondosha dawa huigusa kila slaidi pembeni na kuiambia kwa sauti, "Wewe umekunywa," na akishaanza hata umwambie jengo linaungua hageuki. La pili, hakuna slaidi inayotoka mikononi mwake kwenda kwa daktari kabla yeye mwenyewe hajaitazama mishipa. Si kazi yake, halipwi kwa hilo, na hakuna aliyemwagiza. Madaktari wanne wamekuja na kuondoka wakimkuta anafanya hivyo.

Ugonjwa wa Refa ulianzia uwanjani. Siku hiyo alipiga filimbi ya kumaliza mechi dakika kumi na tano kabla ya wakati, mashabiki wakamzomea, wakasema kahongwa. Yeye alikuwa amesimama katikati ya uwanja anaitazama filimbi mkononi, amesahau inaitwaje. Wiki mbili baadaye akaanguka sebuleni kwake na kushikwa na mtikisiko wa mwili mzima. Picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe ndani kabisa, mahali ambapo kisu hakiwezi kufika bila kuharibu maneno yake yote. Wakaingiza sindano tu, wakatoa vipande vitatu vyembamba kama nyuzi za kushonea.

Vipande hivyo vikateremshwa maabara. Kuna utaratibu kwamba fundi hashiki kipande cha ndugu yake, nao ni utaratibu mzuri. Lakini fundi mwenzake alikuwa likizo ya uzazi, na wale vijana wawili waliobaki walikuwa bado hawajawahi kukata kitu kidogo namna ile bila kukipoteza nusu. Daktari wa hadubini, binti mwenye umri wa kuzaliwa na Bi Wembe, alikuja mwenyewe mpaka kwenye stuli, akashindwa pa kuanzia.

Bi Wembe alimsaidia. Alimwambia alete karatasi ya ruhusa waitie saini wote wawili, halafu atoke, kwa sababu anamzibia mwanga.

Akakata. Siku hiyo hakumsema mtu. Mkono haukutetemeka, na hilo mimi silisemi kwa kumpamba, utepe uliotoka ulionekana na kila aliyekuwepo. Siku ya kutia rangi, wifi yake, mke wa Refa, alikuwa amepiga simu asubuhi analia, na Bi Wembe aliingia kazini kichwa kikiwa kama si chake. Alipanga slaidi tisa. Ya mdogo wake ilikuwa ya tano, ina namba kama nyingine zote. Alidondosha dawa, akaosha, akatia samawati, akazikausha.

Ya tano ikatoka samawati.

Aliiona hata kabla ya hadubini, kwa kuiinua tu kwenye mwanga wa dirisha. Slaidi nane zilikuwa na wekundu wekundu wa kahawia, ya tano ikang'aa kama kipande cha anga. Akajaribu kukumbuka kama aliigusa, kama aliiambia imekunywa. Hakukumbuka. Alikumbuka ya nne na alikumbuka ya sita. Ya tano ilikuwa shimo kichwani mwake. Na hapo, mwanamke huyu ambaye kwa miaka ishirini na minane hajairuka slaidi hata moja, alijikuta anaomba kwa moyo wake wote kwamba ameiruka.

Daktari naye alikuwa amesogea, ameiona. Alifunga mlango kabla ya kusema.

"Mama, ulikuwa na siku ngumu. Inawezekana hii haikupata dawa. Niandike kwamba rangi imegoma, tukate nyingine."

Alisema kwa wema, na ndio uliokuwa ubaya wake. Bi Wembe alijua kuliko yeye nini maana ya kukata nyingine. Kipande ndani ya nta kilikuwa kimebaki kama ukucha wa mtoto mchanga. Ukikirudisha kwenye mashine lazima kwanza ukikwangue kipate usawa na wembe, na unachokwangua kinakwenda na maji. Kilichobaki kilikuwa kinatosha kitu kimoja tu, kipimo cha pili, kinachofanyika kwenye maabara kubwa zaidi, cha kujua kama vidonge vya kutibu uvimbe ule vingemfaa Refa au vingemtapisha bure. Wakikitumia kurudia rangi, kipimo hicho basi. Na kwenda kuchukua kingine ilikuwa ni kurudisha sindano ndani ya kichwa cha mdogo wake, mahali ambapo madaktari wenyewe waliingia mara ya kwanza roho mkononi.

Alimwambia daktari asubiri. Akaiweka slaidi chini ya hadubini, akainamisha kichwa.

Kwa muda mrefu aliona samawati peke yake, seli zimerundikana, hakuna mpango, zimebanana kila upande. Kila alipoisogeza akaona samawati, matumaini yakampanda. Hata mishipa haionekani, alijiambia, nimeiruka kweli, nimekosea, asante. Akafika kwenye kona. Pale palikuwa na mshipa mmoja mdogo umekatwa kwa mapana, na ukuta wake ulikuwa kahawia. Kahawia safi, ya kutosha, bila shaka yoyote. Kandokando yake kulikuwa na mwingine, kahawia vilevile. Dawa ilikuwa imefika. Iliikuta protini pale ilipokuwepo, na kwingine kote haikuikuta kwa sababu haikuwepo.

Hakuna mtu angejua. Daktari alikuwa amesimama kando, tayari kuandika atakachoambiwa. Angesema tu kwamba ndiyo, nilisahau, na Refa angepata wiki mbili zaidi za kutumaini, na wifi angelala usingizi, na yeye mwenyewe angepewa pole kwa uchovu. Nimewahi kuwasikia watu wakisema kwamba ushujaa ni wa vitani. Hawajawahi kumwona mama mwenye miwani anayeinua kichwa kutoka kwenye hadubini na kuishusha nyumba yake mwenyewe kwa maneno machache.

"Usirudie," alisema. "Kona ya chini, tazama mishipa. Kazi yangu ni sahihi. Andika imepotea."

Daktari alitazama, akaandika. Bi Wembe alikifungasha kile kipande kilichobaki kwa ajili ya kipimo cha pili, akaandika namba kwa mwandiko wake wa duara, akahakikisha tarishi amekiondoa. Ndipo akaenda chooni, akafungua bomba la maji mpaka mwisho, akalia kwa sauti.

Nyumbani hakupokewa kama shujaa. Daktari wa matibabu alipowaeleza majibu, wifi aliuliza kama haiwezekani kurudia, na akasikia kwamba ilijadiliwa, na Bi Wembe ndiye aliyekataa. Kwa wiki tatu hakupokea simu zake. Alimwambia jirani kwamba yule mama ana moyo wa nta kama vitu anavyokata. Maneno yalimfikia Bi Wembe, kama maneno yanavyofika. Hakujitetea. Alipeleka matunda, akayaacha mlangoni, akarudi, na wiki iliyofuata akapeleka tena.

Jibu la kipimo cha pili lilikuja Alhamisi. Uvimbe wa Refa ulikuwa wa aina ambayo vidonge vinauweza. Si kuumaliza, daktari wa matibabu alilisema hilo mara mbili ili asieleweke vibaya. Kuurudisha nyuma, na kumpa muda ambao bila kipimo hicho wangeubahatisha. Alipigwa mionzi wiki sita na kumeza vidonge. Nywele zikanyonyoka upande mmoja, akawa anajiita uwanja wenye kipara golini. Wifi alikuja mwenyewe na yale makapu ya matunda, matupu, akayaweka mezani kwa Bi Wembe na kukaa naye mchana mzima bila kuomba radhi kwa maneno. Bi Wembe hakuyadai. Katika picha ya mwezi wa tano wa matibabu uvimbe ulikuwa umepungua, na maneno mengi yalikuwa yamerudi, ingawa bado alikuwa anaita kijiko "kile cha kuchotea".

Siku moja baada ya kliniki, Refa alishuka mpaka maabara na kusema anataka kumwona huyo adui. Daktari wa hadubini aliruhusu. Bi Wembe akaitoa slaidi, akaiweka, akamrekebishia kiti, na Refa akainama kwa shida kwa sababu shingo bado ilikuwa nzito. Bi Wembe akamsogezea slaidi mpaka kwenye kona ya mishipa.

"Hivi vya kahawia ndio mimi?"

"Ndio wewe."

"Na hivi vya bluu?"

"Na hivyo ni wewe pia. Vimepoteza refa tu."

Alicheka kidogo, bila kuondoa jicho. Kisha akamuuliza, kwa ile sauti ya mwalimu anayetaka jibu lenye njia ya kulipata, alifanya nini siku alipoiona slaidi ile mara ya kwanza. Bi Wembe angeweza kumdanganya. Akamwambia ukweli, kwamba aliomba awe amekosea, kwamba alitafuta kosa lake kwenye slaidi nzima kama mtu anayetafuta pete, na kwamba alipouona ule mshipa alichukia macho yake.

Refa aliinua kichwa, akamtazama dada yake.

"Na hawa wengine, dada? Miaka yote hii umewaona wangapi wa bluu? Uliwaombea hivyo?"

Bi Wembe aliwafikiria, kadiri mtu anavyoweza kuwafikiria watu anaowajua kwa namba. Alikuwa amewatendea haki wote. Tangu ile ya saba hakumruka hata mmoja, hakumdanganyia mtu jibu. Lakini alipouona ukweli wao alikuwa akiuweka kwenye trei na kuvuta unaofuata.

"Hapana," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza."

"Basi nisiwe wa mwisho," Refa akasema.

Akaomba asaidiwe kusimama, kwa kuwa mkewe alikuwa anamsubiri ukumbini. Bi Wembe alimsindikiza mpaka mlangoni, akarudi, akaketi. Kulikuwa na slaidi saba za mchana zinasubiri kutazamwa. Aliichukua ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, ikawa samawati, na kabla ya kuiweka chini ya hadubini midomo yake ilicheza, ikimwombea mwenye namba ile.